Shangazi, nundu ya kidole kidogo cha mguu inanimaliza. Nipasue, niache kazi au nivumilie?

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usiliweke maana tunapokaa watu wanajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, nna miaka 36, niko Dar, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli. Shida yangu wengine wakiisikia wanacheka, ila mwenzenu silali.

Pembeni ya mguu, upande wa nje, pale kidole kidogo kinapoanzia, nimeota nundu. Kulia ndo kubwa, kushoto bado ndogo. Ni ngumu, ukiigusa unasikia mfupa kabisa sio nyama, juu yake ngozi imefanya sugu, na ikifika jioni imevimba inawaka moto mpaka shuka likinigusa usiku nashtuka. Ilianza baada ya kumzaa huyu wa pili, viatu vyangu vyote vikawa vinanibana nikasema ni mwili wa uzazi tu utapungua. Mwili umepungua, mguu haujarudi.

Sasa kazini tuna yunifomu, sketi, koti na viatu vyeusi vya mchuchumio vilivyochongoka mbele. Tunasimama shifti nzima. Kuna mwenzetu siku moja alikuja na flati, supavaiza akamwambia mbele ya wageni arudi akabadilishe, tangu hapo hakuna anayethubutu. Kwa hiyo mimi nameza diklofenaki asubuhi kabla sijatoka, mara nyingi hata chai sijanywa, na mchana nameza nyingine, ndo naweza kumchekea mgeni. Kwenye daladala mtu akinikanyaga pale naona nyota za mchana. Nikirudi nyumbani nakaa chini mkekani nimekunja miguu nadarizi mashuka ya oda, hiyo ndo hela yangu ya pembeni, na hapo nako panauma.

Nilienda hospitali moja ya binafsi, daktari akaangalia mguu mmoja, wa pili hata sijavua kiatu, akasema hii ni ya kupasua tu, akanitajia bei. Bei yenyewe ni karibu hela yote niliyonayo kwenye kikoba ambayo nilikuwa naikusanya ya kiwanja. Nikauliza nitapona lini akasema ni haraka tu. Basi nikapanga nichukue likizo yangu ya wiki mbili nifanye kimya kimya, nirudi kazini hakuna aliyejua.

Mama yangu kusikia akawaka. Anasema yeye anayo, bibi alikuwa nayo, wanawake wa kwetu ndo miguu yetu na hakuna aliyekufa. Tena mama ana kisukari, kuna jirani yake alipata kidonda cha mguu kikaishia kukatwa, kwa hiyo neno kisu na neno mguu kwake havikai pamoja. Mume wangu yeye kasema acha kazi ukae nyumbani ufungue biashara, kwake limeisha, hanielewi kabisa. Shoga yangu kaniletea link ya kifaa cha kuvaa usiku wanasema kinarudisha mfupa. Na mkaka wa kucha anayepita mtaani kwetu kaniambia anaweza kuichonga na wembe ikabaki flati.

Kilichonivunja kabisa ni kitchen party ya ndugu wa mume, tumevua viatu tuko mkekani, wifi yangu akasema kwa sauti, jamani huyu ana vidole sita. Watu wakacheka na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo nalala na soksi. Na juzi namuogesha binti yangu wa miaka 10 naona naye pale pembeni pameanza kutokeza. Shangazi nipasue, niache kazi, au nivumilie kama mama?

Mwenye Vidole Sita, Dar

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Sijacheka, na huyo wifi yako tutamrudia. Mimi kabla ya kukaa kwenye safu hii nilikuwa nesi, nimezunguka wodi za mifupa miaka mingi, kwa hiyo nitakachokueleza ni cha mtu aliyeona miguu mingi ila sio cha daktari aliyeushika mguu wako, hilo tulielewane mapema.

Nikiisoma barua yako naona umeniletea maswali matatu umeyafunga kwenye kitambaa kimoja. Kuna la mfupa, kuna la viatu vya kazini, na kuna la kusemwa, la mama, la mume, la wifi. Umeyafunga pamoja ndo maana unaona milango ni mitatu tu, kisu, kuacha kazi, au kufa nalo. Hebu tulifungue.

Tuanze na mfupa. Unyayo una mifupa mirefu mitano, kila mmoja unaishia kwenye kidole chake. Huo wa tano, wa kidole kidogo, kichwa chake kinatokeza nje, na kuna sababu zaidi ya moja. Wengine kichwa cha mfupa chenyewe ni kikubwa. Wengine mfupa umepinda kuelekea nje kama upinde. Wengine, na hawa ndo wengi, mfupa wa nne na wa tano zimeachana, unyayo umepanuka, halafu kidole chenyewe kinalalia ndani kwa wenzake. Tofauti hii sio ya vitabuni tu, maana hata upasuaji unategemea ni ipi, na haionekani kwa macho, inaonekana kwa eksirei iliyopigwa umesimama, uzito wa mwili uko juu ya mguu. Wewe hujaniambia kama ulipigwa picha. Kwa ulivyoeleza, daktari hakuuona hata mguu wa pili. Simsemi vibaya, inawezekana yuko sahihi, lakini bei ya kiwanja kwa kuangalia mguu mmoja ukiwa umekaa kwenye kiti, mimi ningeomba maoni ya pili. Hapo Dar kuna MOI pale Muhimbili, mifupa ndo kazi yao, nenda na maswali yako umeyaandika.

Sasa mama. Mama hajakosea kote. Umbile la mguu linarithiwa kweli, na mguu mpana au ulio legelege kwenye maungio ukikutana na kiatu chembamba ndo nundu inapata sauti. Mimba nayo inachangia, maungio yanalegea, unyayo unashuka na kupanuka, na kwa wanawake wengi haurudi ulivyokuwa, kwa hiyo ile hisia yako ya viatu kubana haikuwa ya kichwani. Ila bibi yako nina hakika hakusimama shifti nzima kwenye mchuchumio uliochongoka. Unaweza ukawa na nundu hiyo hiyo miaka 40 isiseme neno, kwa sababu kinachouma sana sana sio mfupa, ni ngozi na kale kafuko kadogo ka majimaji kalikokaa kati ya ngozi na mfupa, kanasuguliwa na kiatu mchana kutwa mpaka kanawiva. Ndo huo moto wa jioni.

Na mkekani je? Ukikunja miguu unadarizi, ubavu wa nje wa unyayo ndo unaobeba, tena juu ya sakafu ngumu. Washonaji nguo wa zamani kule Ulaya walikuwa wanashona wamekaa hivyo hivyo na walipata nundu hii mpaka ikabatizwa jina la kazi yao. Kwa hiyo mguu wako unabanwa mchana na kiatu, usiku na sakafu, unapumzika saa ngapi? Kaa kwenye kiti ukidarizi, au tandika godoro dogo na unyooshe mguu. Hilo halina gharama na halina wa kumuomba ruhusa.

Kabla hatujafika kwenye kisu kuna jambo nataka ujiulize, na nisikuogopeshe. Hujasema kama vidole vya mikono vinakakamaa asubuhi, au kama kuna viungo vingine vinavimba. Baridi yabisi wakati mwingine inaanzia hapo hapo kwenye maungio ya kidole kidogo, na gauti nayo, ingawa inapenda dole gumba, inaweza kuvamia sehemu nyingine. Kuna na vivimbe vya majimaji, na mfupa kupata ufa kwa kusimama sana. Ndo maana nasisitiza upimwe, sio uangaliwe. Na kwa kuwa mama ana kisukari, siku hiyo hiyo kapime sukari. Mwenye sukari isiyojulikana akipata kidonda kidogo hapo kwenye nundu, ile hofu ya mama kuhusu jirani yake ndo inapata mantiki. Jirani huyo inaelekea kilichomponza ni kidonda na sukari, upasuaji uliopangwa wa mtu mwenye damu nzuri miguuni ni habari nyingine, hilo unaweza kumweleza mama kwa upole.

Hizo diklofenaki sasa. Mwanangu, kila siku, kwenye tumbo tupu, asubuhi na mchana? Hapo nimeweka kalamu chini kidogo. Dawa hiyo inaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, na vibaya zaidi inakunyamazishia mguu ili uendelee kuuponda. Kuna ya kupaka, zungumza na mfamasia au daktari, na kama unapata kiungulia kikali au choo cheusi usisubiri. Jioni barafu uliyoifunga kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, inasaidia kuliko unavyodhani.

Mkaka wa kucha mwambie asante, aendelee na rangi. Nundu ni mfupa, wembe wake utakata sugu na nyama tu, na wembe huo kabla yako umepita kwa nani? Sugu ikizidi inapunguzwa hospitali kwa kifaa safi. Zile plasta za sugu zenye asidi nazo ziogope, zinachoma na ngozi nzima, na kama sukari ipo ndo kabisa. Kifaa cha kwenye link hakirudishi mfupa wa mtu mzima, mfupa umeshajijenga. Kale ka silikoni ka kuvaa kidoleni kanaweza kupunguza msuguano, kwa hiyo sio kwamba hakana kazi, ila ukinunua ujue umenunua nafuu hujanunua tiba. Na ukiweka sponji usiiweke juu ya nundu, utakuwa umeongeza unene ndani ya kiatu kile kile. Kata sponji nene kidogo, toboa tundu katikati, nundu ikae ndani ya tundu, ya pembeni ndo ipokee msukumo.

Tuje kwenye kiatu, maana hapa ndo barua yako ilipo hasa. Fanya hivi: jioni, miguu ikiwa imeshavimba, simama juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu kwa kalamu. Halafu weka kiatu chako cha kazi juu ya mchoro. Wengi wakiona mguu umepita kiatu kwa kidole kizima kila upande wananyamaza wenyewe. Sasa swali langu: hiyo sheria ya viatu umewahi kuisoma imeandikwa, au unaijua kutoka kwenye kelele za supavaiza siku ile? Maana inawezekana karatasi inasema viatu vyeusi nadhifu vya kufunika, basi. Viatu vyeusi vya ngozi, mbele pana na mviringo, kisigino kifupi cha sentimita mbili tatu vipo, hata Kariakoo vipo ukivumilia kuzunguka, na mgeni pale kaunta haoni miguu yako. Chagua ngozi halisi, hiyo fundi viatu anaweza kuitanua pale pale penye nundu, rekzini haitanuki. Mtumba sawa, ila angalia ndani kama kiatu hakijashika umbo la mguu wa mwenzio.

Ukiomba kubadilishiwa usiombe kaunta. Pata barua ya daktari inayotaja aina ya kiatu, peleka kwa watu wa rasilimali watu, kwa heshima. Hatari yake ipo, siifichi. Supavaiza anaweza kukununia, anaweza kusema unajifanya mgonjwa, na wewe ndo unamjua. Lakini pia inawezekana yule mwenzako wa flati naye anaumwa kimya, na wewe ukawa wa pili sio wa kwanza.

Kuacha kazi ni mlango pia, siufungi. Ukiacha, kiatu kitaondoka na maumivu mengi yataondoka nacho, nundu itabaki. Ila utaacha na mshahara, na bima kama unayo ya kazini, halafu utakaa chini kudarizi zaidi. Na mume wako, umesema hanielewi, mimi nimesoma nikaona mtu aliyeona mkewe anameza vidonge kila asubuhi akatafuta njia ya mkato ya kuyamaliza. Wanaume wengi wakishindwa kutibu wanatoa amri. Muulize kwa utulivu hiyo biashara mtaji unatoka wapi, na kama ni kutoka kwenye kikoba chako, basi ni mazungumzo mengine. Halafu umewahi kumuonyesha mguu wenyewe jioni, bila soksi? Labda anachokijua yeye ni kwamba viatu vinakubana tu.

Upasuaji nao tuuseme kama ulivyo. Unafanyika, na wengi wanapata nafuu kubwa. Mara nyingi ni ganzi ya mguu, unarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Ikiwa ni kichwa cha mfupa tu kimezidi wanaweza kukwangua, lakini kama mifupa imeachana, kukwangua peke yake nundu inaweza kurudi, kwa hiyo wanakata mfupa wanausogeza ndani wanaushika na skrubu au waya. Mfupa uliokatwa unaunga kwa wiki 6 hivi na kuendelea, kipindi hicho unavaa kiatu maalumu chenye soli ngumu, huendi daladala ya kusimama, hubebi ndoo. Uvimbe unakaa miezi 3 mpaka 6, wengine mwaka. Kwa hiyo zile wiki mbili za kimya kimya mwanangu hazitoshi, na ukirudi kwenye mchuchumio ule ule wiki ya tatu utaharibu kazi uliyoilipia. Kuna hatari za maambukizi, ganzi ya kudumu pembeni ya kidole, mfupa kuchelewa kuunga, na maumivu kuhamia chini ya mfupa wa jirani. Muulize daktari, nundu yangu ni ya aina gani, unakata wapi, usipokata nini kitatokea, bei hii ina eksirei za baadaye na kiatu au ni kisu tu. Kama sikio lako lilipotobolewa lilifanya kovu la kufura, mwambie hilo pia.

Kati kati hapo kuna sindano ya stiroidi kwenye kale kafuko. Inapoza, kwa wengine wiki, kwa wengine miezi, ila haichomwi kila mara maana inadhoofisha nyama na mafuta ya pale, na kwa ngozi zetu inaweza kuacha baka jeupe. Wengi madaktari wanapenda kuona umejaribu kiatu kipana na sponji miezi kadhaa kwa uaminifu kabla hawajashika kisu, na wewe kwa barua yako hujapata hata mwezi mmoja wa kiatu sahihi. Sisemi usipasue. Inawezekana mwisho wa siku ndo itakuwa njia yako, na kama mfupa umeachana sana na umejaribu yote, hakuna dhambi kutumia hela yako kwenye mguu wako kabla ya kiwanja. Ninachoona mimi ni kwamba leo hujapata taarifa za kuamulia, unaamua kwa maumivu na kwa aibu.

Maana aibu ndo imebeba nusu ya barua hii. Wifi alisema neno baya mbele za watu na wewe ukacheka, sasa unalala na soksi kwa mumeo. Hilo daktari hatalipasua. Unaweza kumwita pembeni ukamwambia wifi lile neno liliniuma. Anaweza kuomba msamaha, anaweza kuleta maneno zaidi, wewe ndo unajua koo hiyo inavyoenda, labda mume ndo wa kulisema.

Na binti. Usimuonyeshe wasiwasi wako, wala usimkanye asivae ndala. Mwambie asimame umuangalie kidole kikubwa kinafika wapi ndani ya viatu vya shule, mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole chako gumba, na pembeni pasivimbe. Miguu ya miaka 10 inakua haraka, viatu vya Januari vinaweza kuwa vidogo Juni, ukweli wenyewe wazazi wengi tunanunua mara moja kwa mwaka. Kama hapaumi ni kuangalia tu, kama panauma au mguu mmoja unabadilika kuliko mwingine nenda naye siku ile ile unayoenda wewe.

Ukiona pamekuwa pa moto na pamevimba ghafla, usaha, homa, kidonda kisichofunga, au ganzi, hapo usiniandikie mimi, nenda hospitali siku hiyo. Vinginevyo niandikie ukishapata eksirei ya kusimama, niambie walichokuambia na kama supavaiza kanuna.